Mama ya Kuni

Watu wengi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma hawakujua kwamba Nawoi ana jina. Kwao alikuwa mama ya kuni, na alipoitwa hivyo aliitika, maana mwenye tumbo tupu hachagui jina la kuitwa. Kila alfajiri alitoka kijijini Lopur na mzigo kichwani, akavuka laga, ule mto wa mchanga ambao maji hupita mara chache na yakipita huua, akaingia kambini kabla jua halijakasirika. Shingo yake ilijaa shanga hadi chini ya kidevu. Wateja wageni walishangaa jinsi mwanamke mwenye shanga zote hizo anavyoweza tena kubeba kuni juu yake, naye akawajibu kwamba shingo ya Mturkana iliumbwa kwa kazi hiyo.

Hakuwa mtu wa maneno laini. Aliwaambia Wasomali kwamba chai yao itamaliza miti ya Turkana, na Wakongo kwamba wanachemsha maharagwe kama watu wanaochemsha mawe. Mteja akimpunja unga, alirudi kesho yake na kuni mbichi ili moshi umfunze adabu. Mlango mmoja tu hakuwahi kuupelekea kuni mbichi, nao ni mlango wa Helen.

Helen alikuwa mjane wa Kidinka kutoka Bor. Mumewe, Wal, aliuawa vitani, na yeye akafika Kakuma na binti wawili, Akon akitembea na Adau akiwa mgongoni. Siku Nawoi alipobisha kwake mara ya kwanza, Helen hakuwa na cha kumlipa, akampa nusu ya uji uliokuwa jikoni. Nawoi aliunywa wote, akarudi baada ya siku chache na kuni bila kudai kitu. Tangu hapo huyu alileta kuni, yule alitoa unga na mafuta ya mgao, na hakuna aliyepima. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani waliosema hivyo walimfikiria mwenyeji anayesimama mlangoni kwa mgeni akingoja unga, lakini Kakuma ndivyo mambo yalivyo, na mwenye kuona aibu na alale na njaa.

Kisha ukaja ule ukame wa mwaka 2017. Mbuzi wa Nawoi walikufa, wa mwisho wakifa wamesimama. Mumewe, Ewoi, aliwafuata ng'ombe wa ukoo kuelekea mpaka wa Uganda, akapigwa risasi na wezi wa mifugo, na habari zake zikafika kabla ya mtu yeyote kuuona mwili. Mwana wao mkubwa, Ekaale, alishuka Katilu kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kando ya mto Turkwel, akapata kazi, akapata mke, akabaki huko. Nawoi akabaki Lopur na kitinda mimba wake, Akoru, mtoto wa mwaka na nusu ambaye nywele zake zilikuwa zimegeuka nyekundu kwa njaa.

Msimu huo huo Adau wa Helen alishikwa na homa, akafa. Helen alimzika mwenyewe na wanawake wawili wa mtaa, na hakuenda ofisini kusema. Ukisema mtoto amekufa, jina lake linafutwa kwenye kadi na chakula chake kinakatwa, na mama mwenye akili zake hawezi kuzika mara mbili kwa wiki moja. Lakini likatoka tangazo kwamba kambi nzima itahesabiwa upya, kila aliye kwenye kadi aletwe akiwa hai, apigwe picha.

Helen akamfuata Nawoi aliyekuwa ameketi kando ya mzigo wake.

"Dada, nipe Akoru asubuhi moja tu," akamwambia. "Ahesabiwe na jina ya Adau. Chakula ikitoka, ni ya mtoto yako."

Msomaji asiharakishe kumcheka Nawoi. Yeye alilelewa kwenye mifugo, na mfugaji wa Turkana haweki wanyama wake wote mahali pamoja. Mbuzi huyu humpeleka kwa rafiki aliye kwenye malisho, ngamia yule humpeleka kwa shemeji aliye karibu na maji. Mnyama anakula majani ya mwingine, analala zizini kwa mwingine, lakini alama ya sikio ni ya mwenyewe, na siku mwenyewe akija hakuna anayebisha. Nawoi aliiona kadi ile kama zizi la rafiki. Akamfunga Akoru mgongoni kwa Helen kwa mikono yake mwenyewe.

Nywele za Akoru zikarudi kuwa nyeusi. Alipata mashavu. Alikua akila kwa Helen mchana na kulala Lopur usiku, na siku za mvua au za homa alilala popote alipo. Kwa Nawoi alikuwa Akoru, aliongea Kiturkana na kuchunga vitoto viwili vya mbuzi walivyobahatika kuvipata. Kwa Helen alikuwa Adau, aliongea Kidinka na kugombana na Akon juu ya kitana. Shule aliandikishwa kambini, kwa jina la kwenye kadi. Alipotimiza miaka mitano waliitwa tena ofisini, na safari hii akachukuliwa alama za vidole. Alirudi akimwonyesha Nawoi jinsi kioo kilivyomulika taa chini ya vidole vyake, na mama akacheka naye.

Kilichoyatibua yote ni moyo wa Akon. Msichana huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano alipoanza kuhema kama aliyetoka mbioni hali ameketi. Alipelekwa hospitali Lodwar. Madaktari wakasikiliza, wakapiga picha, wakamwambia Helen kwamba mlango wa moyo umeharibika na kwamba upasuaji wake ni wa mbali na ni wa haraka. Jina la Akon likaandikwa miongoni mwa wanaotafutiwa nchi za kuhamia. Watu huishi Kakuma miaka ishirini wakiingoja simu ya kuambiwa nchi imepatikana. Helen aliipata kabla ya Krismasi, na nchi yenyewe ilikuwa Kanada.

Alikuja Lopur mwenyewe, kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wajuane. Nawoi alipomwona akivuka laga alidhani Akon amekufa. Helen aliketi chini, akanywa maji, akasalimia ejok, salamu ya Kiturkana. Kisha akasema kwamba wote walio kwenye kadi ni familia moja mbele ya ofisi, na familia husafiri pamoja. Watahojiwa, mmoja mmoja. Akisema hana mtoto wa pili, ataulizwa mtoto yuko wapi, na mtoto aliyepotea ni kesi ya polisi. Akisema ukweli, ataonekana mwongo tangu siku ya kwanza, na faili ya Akon nayo itafungwa.

"Hii kesi ni moja," Helen akasema. "Adau akikosa, Akon anakufa hapa. Mimi siwezi kukuambia leta. Nimekuja tu ujue."

Nawoi alimuuliza kama hakuna njia ya kumrudisha mtoto akishafika huko. Helen akatikisa kichwa. Nawoi akainuka akaenda kuwafungia mbuzi, ingawa jua lilikuwa bado juu. Alikuwa na hasira, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Alipanda lori la mkaa hadi Lodwar pamoja na Akoru, kwa kaka yake Lokuruka, aliyekuwa bawabu wa duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka kitu kimoja tu, karatasi ya serikali inayosema kwamba Akoru ni binti yake, mzaliwa wa Lopur. Akiwa na karatasi hiyo, alifikiri, ofisi ya Kakuma italazimika kumwacha mtoto bila kumwadhibu mtu. Lokuruka aliposikia habari nzima aliwaka. Aliuliza siku Akoru akiolewa ng'ombe watakwenda kwa nani, kwa Wadinka? Alimwita dada yake mjinga mbele ya mtoto.

"Mbuzi ukimpeleka kwa rafiki ana alama sikioni," alisema. "Huyu ulimtia alama wapi?"

Hata hivyo alivaa shati lake safi akawapeleka kwenye ofisi ya usajili. Karani alikuwa dada kijana, mpole, aliyeanza kwa Kiingereza kisha akawahurumia akahamia Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mtoto amewahi kuwekwa vidole kambini, Nawoi akasema ndiyo. Yule dada akaweka kalamu chini. Aliwaeleza kwamba vidole vya Akoru vimekwisha kuandikwa kuwa vya mkimbizi. Akifika umri wa kitambulisho, mashine itamkataa. Kuna vijana wengi hapa, wana wa wafugaji wa hapa hapa, wamekwama vivyo hivyo kwa ajili ya unga waliokula utotoni, hawana kitambulisho, hawapati kazi, wakienda mbali wanakamatwa kwenye vizuizi. Njia ya kufutwa ipo, akasema, lakini ni ndefu, na inaanza kwa kuungama Kakuma na kuitaja kadi iliyotumika na mwenye kadi.

Nawoi akauliza, basi huyu aliyeketi hapa ni nani kwa serikali?

"Kwa serikali, mama," yule dada akasema taratibu, "huyu wako bado hajazaliwa."

Nje, Lokuruka aliwanunulia chai na mandazi, akamtazama Akoru akila. Hasira ilikuwa imemtoka, na bila hasira alionekana mzee. Mwisho akasema kwamba mtoto ambaye hajazaliwa hapa akazaliwe huko. Akaingiza mkono mfukoni kumpa Akoru peremende, akarudi langoni kwake bila kuaga vizuri.

Usifikiri Nawoi alikubali hapo. Aliporejea Kakuma alikwenda moja kwa moja hadi lango la ofisi za kambi ili aseme yote. Alipanga foleni na wenye shida zao. Alijiambia kwamba moyo wa Akon si kosa lake, kwamba Mungu anajua nani alimzaa nani, kwamba mwanamke mwenye mtoto mmoja nyumbani hadaiwi na mtu. Alifika karibu na askari wa lango. Kisha akatoka kwenye foleni akaenda kwa Helen, akisema moyoni kwamba anakwenda kumwonya kwanza, kwa uungwana tu.

Akon alikuwa amelala ameketi. Walikuwa wamemwegemeza kwenye gunia la nguo, maana akilala chali alikosa pumzi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Helen alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi, na alipomwona Nawoi hakuuliza alikotoka. Nawoi alikichukua kile kipande cha boksi akapepea yeye, Helen akapata kufumba macho kidogo. Alipepea hadi mkono ukafa ganzi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na balaa lake Nawoi ni kwamba aliujua wa mwenzake pia.

Mafunzo ya mahojiano yalianza kesho yake. Helen alijaribu kwanza, lakini Akoru alimcheka usoni, akadhani ni mchezo. Kwa hiyo kazi ikarudi kwa Nawoi, kwa sababu mtoto yule aliogopa mtu mmoja tu duniani. Kila jioni waliketi mbele ya moto. Nawoi alikusanya makoma, yale matunda magumu ya mkoma yanayogugunwa kama mfupa, akayafunga kwenye pindo la shuka yake. Jibu likiwa sawa, mtoto anapata koma. Aliuliza kwa Kiswahili, lugha isiyokuwa ya yeyote kati yao, na alikuwa na sababu. Kwa Kiturkana asingeweza.

"Jina yako nani?"

"Adau."

"Baba?"

"Wal. Alikufa Bor."

"Vizuri. Mama yako nani?"

Mtoto akamtazama kama anayemtazama mwendawazimu. "Wewe," akasema.

Nawoi alimpiga kofi. Hakuwa amewahi kumpiga usoni. Akoru hakulia, aliweka mkono shavuni akangoja, na mama akauliza tena, na tena, hadi moto ukabaki makaa, hadi ile midomo midogo ikasema Helen. Nawoi akafungua pindo, akampa koma, akasema vizuri. Usiku huo mtoto alilala amempa mgongo.

Siku zilizofuata alijifunza upesi, maana alikuwa na akili. Upesi huo ulimuuma Nawoi kuliko ule ubishi wa mwanzo. Aliongeza maswali. Ulilala wapi ulipokuwa mdogo? Nani alikusuka? Dada yako anaumwa nini? Halafu akafika kwenye swali ambalo Helen alisema lazima liwepo, kwa kuwa majirani wangeweza kumtaja Nawoi.

"Na huyu mama Mturkana anakuja kila siku kwa nyumba yenu, ni nani?"

Akoru alifikiri. Hili hakuwa amefundishwa, akalitafutia jibu mwenyewe. "Ni mama ya kuni," akasema. "Anatuletea kuni, tunampa unga."

Lilikuwa jibu zuri kuliko ambalo wao wakubwa wangelitunga, kwa sababu kila neno lake lilikuwa kweli. Nawoi alimpa makoma mawili.

Siku ya mahojiano alikaa nyumbani, akapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Helen alikuja jioni kumwambia. Afisa alikuwa mwanamke mwenye nywele nyeupe, alimwingiza mtoto peke yake na mkalimani, na walipotoka alimshika Helen begani akasema ana binti mwerevu. Hakuuliza swali hata moja mara mbili. Nawoi akajikuta ametabasamu kwa fahari, mwanangu huyo, kisha akajichukia.

Baada ya hapo mambo yalikimbia, kwa sababu ya ugonjwa wa Akon. Walipimwa vifua na damu. Walipelekwa darasani kufundishwa nchi wanayokwenda, na Akoru alirudi Lopur kumsimulia mama yake. Kuna mvua inayoanguka bila sauti, ikakaa chini kama unga. Kuna kabati la kuweka baridi, ingawa nje kuna baridi, na hilo hata mwalimu hakuweza kulieleza. Ukivuka barabara unangoja taa ikuruhusu. Mtoto akipigwa, serikali inakuja. Hapo alimtazama Nawoi, naye Nawoi akasema hiyo ni serikali nzuri.

Helen aligawa vitu vyake. Huyu alipata beseni, yule alipata mlango wa mabati, lakini vingi vilivuka laga. Nawoi alipewa kitanda, masufuria, viti vya plastiki, neti, hata pazia. Nyumba nzima ya Helen ilihamia Lopur, na mtu mmoja wa Lopur ndiye aliyekuwa akienda.

Usiku wa mwisho Helen alimleta Akoru alale kwa mama yake, akasimama mlangoni asijue aondoke vipi. Wanawake hawa walikuwa wamepeana unga, kuni, matusi na kicheko kwa miaka, na sasa hawakuwa na la kupeana. Helen akasema alichoweza.

"Mimi nilizika moja. Hii sitazika."

"Usimwambie kuhusu mimi mpaka apate karatasi ya huko," Nawoi akasema. "Anaweza kusahau akasema."

Kulipokaribia kucha alimkalisha mtoto mapajani akaanza kumvua shanga. Alikuwa amemvisha yeye, uzi baada ya uzi, tangu shingo ile ikiwa nyembamba kama kifundo cha mkono. Walimu wa mambo haya, wale wa darasani, hawakusema shanga zimekatazwa. Lakini Adau binti wa Wal hakuwa na sababu ya kuvaa shanga za Kiturkana, na kitambaa alichozifunika Helen siku ya mahojiano kisingetosha safari nzima. Kwa Waturkana mwanamke huvua shanga anapofiwa. Akoru alijua hilo, akauliza nani amekufa. Nawoi akamwambia hakuna, ni safari tu, shanga zitakuwa nzito kwenye ndege. Shingo ilipobaki tupu ilikuwa na rangi nyepesi, kama mahali pa nyumba iliyohamishwa. Aliipaka mafuta ili rangi ilingane.

Uwanja wa ndege wa Kakuma ni kipande cha lami na uzio. Wanaobaki hujazana nje ya waya, huimba, huzimia. Nawoi alikwenda na mzigo wa kuni kichwani. Mama ya kuni asiye na kuni angeonekana ni mtu aliyekuja kumlilia mtu, na maafisa wale walikuwa wakipita pita. Alisimama pembeni na shingo imenyooka. Waliposhuka kwenye basi, Akon alibebwa kwenye kiti, Helen alikumbatia ule mfuko mweupe wa karatasi za safari, na Akoru alimfuata ameshika pindo la gauni lake. Alivaa sweta kubwa kuliko yeye. Alipita karibu na waya kiasi kwamba Nawoi aliona jasho puani mwake.

Hakugeuka. Nawoi ndiye aliyemfundisha asigeuke, na alikuwa mwanafunzi mwema. Alipanda ngazi, akaingizwa ndani, na ndege ikakimbia ikainuka. Vumbi lilipotulia mwanamke wa Kikongo akamgusa Nawoi akamuuliza bei ya mzigo. Akamwuzia.

Walifikia mji unaoitwa Winnipeg. Miezi ya kwanza Nawoi hakusikia kitu, kwa sababu hakuwa na simu ya picha, na Helen, kwa hofu, hakutaka kutuma ujumbe kwa mdomo wa mtu. Alilala kwenye kitanda cha Helen, akapika kwenye sufuria ya Helen. Jirani wa Helen wa zamani, mama wa Kinuer aitwaye Nyaruach aliyewachajia watu simu sokoni, ndiye aliyemwita siku moja na kumwambia aketi, kuna mtu anataka kumwona.

Helen alitokea kwenye kioo cha simu amenenepa. Alisema Akon amepasuliwa, amepona, anakwenda shule kwa basi. Alisema nyumba ina joto ukutani. Alisema wanazoea kidogo kidogo, ila dukani bado anapotea. Nawoi alimshukuru Mungu kwa Akon, na alishukuru kwa kweli. Kisha simu ikapewa Akoru. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameota. Nyuma yake, kwenye kochi, alikuwepo mwanamke mweupe ameshika faili magotini, mtu wa ofisi inayowasaidia wageni, na mwanamke huyo aliuliza jambo kwa Kiingereza, kwa uso mwema. Akoru akageuka akamjibu kwa Kiingereza, kisha, ili mama yake asikie, akatafsiri.

"Ameuliza wewe ni nani. Nimemwambia mama ya kuni, alikuwa anatuletea kuni."

"Vizuri," Nawoi akasema.

Alitembea hadi Lopur akijifariji. Mtoto hakuwa na lingine la kusema, mgeni alikuwepo. Mtoto ana akili. Anatunza siri, anamlinda Akon, anamlinda Helen, anafanya alivyofunzwa. Alilirudia hilo njiani kote, na faraja hiyo ikamtosha kwa msimu mzima wa kiangazi.

Simu ya pili ilikuja mvua zikiwa zimeanza. Safari hii Helen alipiga kutoka sebuleni, akasema Akon ametangulia shule, akasema leo wako peke yao wanaweza kuongea. Akoru akaja mbele ya kioo akitafuna kitu. Nawoi akamsalimu ejok, akamwita kwa jina alilompa yeye. Mtoto akacheka kidogo, kama mtu anayeitwa jina la mwingine, akajibu salamu kwa Kiswahili. Nawoi akaendelea kwa Kiturkana, akamwuliza kama anakula, kama kuna mbuzi huko, na Akoru akamtazama Helen ili amsaidie, na Helen hakuijua lugha ile.

Kwa hiyo Nawoi akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya mbele ya moto.

"Mimi ni nani?"

"Mama ya kuni," Akoru akasema.

Nawoi akakisogeza kioo karibu na macho. Alilitazama kochi, lilikuwa tupu. Alitazama mlango nyuma ya mtoto, dirisha lenye pazia, upande ule ambapo Helen alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja. Alimtafuta yule mgeni kila pembe ya picha, na hakuwepo.

"Vizuri," akasema, na mkono wake ukashuka wenyewe kwenye pindo la shuka, ukaanza kufungua fundo.